Dietrich Brandis: Bwana miti aliyehesabu mitiki akiwa juu ya tembo

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa mitiki anapoingia katika shamba la mkulima wa Korogwe au Handeni, mambo huenda kwa namna ile ile. Atazunguka shamba, atatazama juu, atapiga kiganja mashina mawili matatu, kisha atataja bei ya shamba zima. Mkulima atajikuna kichwa, ataomba nyongeza kidogo, watakubaliana.

Mnunuzi anajua anachonunua. Ameshapasua magogo ya kutosha, na akiona mti anajua utatoa mbao ngapi. Mkulima, ambaye amepalilia na kulinda moto kwa miaka 12 au 15, mara nyingi hajui shamba lake lina meta za ujazo ngapi, wala hajui lingekuwa na ngapi kama angesubiri miaka mingine mitano.

Swali hilo, kwamba mitiki iliyosimama ina mbao kiasi gani leo na itakuwa na kiasi gani kesho, lina umri mrefu kuliko reli ya Tanga. Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu kwa hesabu za kueleweka alikuwa Mjerumani, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea misitu hata kidogo. Jina lake ni Dietrich Brandis, na maisha yake yanastahili kujulikana na kila mwenye miche ya mitiki shambani.

Brandis alizaliwa katika mji wa Bonn, Ujerumani, Machi 31, 1824. Baba yake, Christian August Brandis, alikuwa profesa wa falsafa, na kwa muda aliitwa Ugiriki kumshauri Mfalme Otto, hivyo kijana Dietrich aliishi Athens akiwa bado mwanafunzi. Baadaye alisoma Copenhagen na Göttingen, kisha akarudi Bonn alikopata shahada ya udaktari mwaka 1848 na kuanza kufundisha elimu ya mimea.

Pengine angezeekea darasani kama si ndoa. Mwaka 1854 alimwoa Rachel, binti wa mmisionari maarufu wa Serampore nchini India, Joshua Marshman. Dada yake Rachel alikuwa mke wa Jenerali Henry Havelock wa jeshi la Waingereza huko India, na kwa njia ya shemeji huyo jina la Brandis lilimfikia Gavana Mkuu wa India, Lord Dalhousie. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alipata kazi kwa kujuana. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kugombewa.

Waingereza walikuwa wameiteka Burma ya chini katika vita vya mwaka 1852, na ndani ya jimbo la Pegu kulikuwa na misitu mikubwa ya mitiki. Mbao za mitiki zilitakiwa kwa meli, na reli za India zilizoanza mwaka 1853 zilikuwa na njaa ya mataruma. Watu wa pwani yetu wasishangae, maana mti huu waliujua zamani kwa jina la msaji, na mbao zake zililetwa na majahazi kutoka Malabar kabla mtu yeyote hajapanda mche mmoja huku kwetu.

Tatizo ni kwamba Waingereza walikuwa tayari wamekwisha kuona jinsi mitiki inavyomalizika. Kusini mwa Pegu, katika jimbo la Tenasserim walilolichukua mwaka 1826, wafanyabiashara wa Moulmein walipewa ruhusa ya kukata, nao wakakata. Misitu iliyodhaniwa haina mwisho ilikwisha mbao nzuri katika muda mfupi. Mwaka 1855 Dalhousie alitoa waraka wa kuweka misitu ya mitiki chini ya serikali, na Januari 1856 Brandis, akiwa na umri wa miaka 31, akateuliwa kuwa msimamizi wa misitu ya mitiki ya Pegu.

Alifika akakuta pande mbili zinavutana. Wafanyabiashara wa Rangoon na Moulmein walitaka misitu ifunguliwe mara moja. Serikali ilitaka mapato, lakini iliogopa kurudia ya Tenasserim. Hakuna upande uliokuwa na hesabu. Kila mtu alisema mitiki ni mingi au ni michache kwa kadiri ya maslahi yake.

Brandis aliamua kuhesabu. Sasa mtu atahesabuje miti katika msitu wa milima na mabonde, hakuna ramani ya maana, na mvua za masika ya huko hunyesha kwa miezi mfululizo? Alichofanya ni kupanda tembo na kupita msituni kwa kufuata migongo ya milima, mikondo ya mito na njia zilizokuwapo. Karatasi ingelowa, na juu ya tembo anayeyumba kuandika ni taabu. Basi alishika mkononi vijiti vya mianzi, kijiti kimoja kwa kila daraja la ukubwa wa mti, na mkono wa pili kisu kidogo. Kila alipoona mtiki aliutia daraja lake kwa jicho na kukata alama katika kijiti kinachohusika. Jioni kambini alihesabu alama.

Madaraja yake yalikuwa manne, kwa kufuata mzunguko wa shina. Daraja la kwanza ni miti yenye mzunguko wa futi 6 na zaidi, ambayo ndiyo ya kukatwa. La pili ni kuanzia futi 4 na nusu hadi 6. La tatu kuanzia futi moja na nusu hadi 4 na nusu, na la nne ni miche na miti midogo iliyobaki. Kwa vipimo vya leo, futi 6 za mzunguko ni kipenyo cha sentimeta 58 hivi, na futi 4 na nusu ni kama sentimeta 44.

Kwa kujua urefu wa njia aliyopita na upana wa eneo aliloweza kuliona kushoto na kulia, aliweza kukadiria msitu mzima una miti mingapi ya kila daraja. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi, maana idadi ya miti iliyopo haikuambii ukate mingapi. Kwa hilo ilibidi ajue mitiki ya Pegu inakua kwa kasi gani.

Alipima miti na kuhesabu pete za visiki. Mtiki hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kusimama kukua, kwa hiyo kila mwaka huacha pete inayoonekana ndani ya gogo, jambo ambalo miti mingi ya nchi za joto haina. Hesabu yake ilimwonyesha kwamba mti wa daraja la pili ulihitaji miaka ipatayo 24 kuingia daraja la kwanza.

Hapo ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Kama msitu una mitiki 24,000 ya daraja la kwanza (mfano huu ni wetu), na daraja la pili lina idadi kama hiyo inayokuja nyuma, basi ukate 1,000 kwa mwaka. Utakapomaliza ile ya kwanza baada ya miaka 24, iliyokuwa ya pili imekwisha kukomaa. Ukikata 2,000 kwa mwaka utamaliza katika miaka 12, na utakaa miaka 12 mingine ukitazama miti ambayo haijafikia. Daraja la pili likiwa pungufu, nawe unapunguza ukataji.

Mkulima yeyote wa Handeni anaelewa jambo hili bila kwenda shule, kwa sababu ndivyo anavyofanya na mbuzi wake. Hachinji majike wote sikukuu moja. Ugeni wa Brandis ulikuwa kulipeleka jambo hilo kwenye miti kwa namba, na kusimama na namba zake mbele ya watu wenye fedha.

Wafanyabiashara walimpinga vikali. Walimwona kama mtaalamu wa majani aliyeletwa kuzuia biashara. Hata hivyo alisimamia utaratibu wake. Mti uliochaguliwa ulikatwa gome kuuzunguka mpaka ndani, ukaachwa ufe na kukauka ukiwa umesimama miaka kadhaa, kwa sababu mtiki mbichi huzama majini. Ndipo uliangushwa, ukaburutwa na tembo hadi mtoni na kuelea kwenda Rangoon. Kila gogo lilikuwa na hesabu yake.

Lakini si kila kitu kilikuwa cha kupigiwa makofi. Ndani ya misitu hiyo waliishi Wakaren, wakulima wa kuhamahama waliofyeka, kuchoma na kupanda mpunga wa milimani. Kwa kuwa mtiki ulifanywa mali ya serikali, ghafla mtu aliyefyeka shamba alikuwa mhalifu. Walishitakiwa, nao wakakataa kwa njia zao.

Suluhu iliyopatikana imetufikia hadi huku. Wakaren walikubaliwa kufyeka, lakini pamoja na mpunga wapande mitiki kwa mistari, na wakihama baada ya mwaka mmoja au miwili walipwe kwa miche iliyoshika. Mfumo huo unaitwa taungya, maneno ya Kiburma yenye maana ya shamba la mlimani. Ukienda Kenya utaukuta kwa jina la mfumo wa shamba. Ukienda Longuza, wilayani Muheza, utakuta wanavijiji wakipanda mahindi katikati ya mitiki michanga ya serikali. Wanapata chakula, na serikali inapata palizi bila kulipa kibarua. Nani anafaidi zaidi katika mapatano hayo ni mjadala ambao haujaisha tangu enzi za Wakaren.

Mwaka 1863 Rachel alifariki dunia. Mwaka uliofuata Brandis akapandishwa kuwa Inspekta Jenerali wa Misitu wa kwanza wa India nzima. Alioa tena mwaka 1867, mke wake wa pili akiwa Katharina Hasse. Cheo hicho alikaa nacho hadi mwaka 1883, na katika miaka hiyo ilipitishwa Sheria ya Misitu ya 1865, ikafuatiwa na ile kali zaidi ya 1878. Mwaka huo wa 1878 kilianzishwa chuo cha misitu cha Dehra Dun. Katikati ya kazi hizo alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya misitu ya kaskazini magharibi na katikati ya India, mwaka 1874, na mwaka uliofuata akapokelewa katika Royal Society ya London.

Sheria ya 1878 ililaumiwa, na bado inalaumiwa na wanahistoria, kwa kuwanyang'anya wanavijiji haki za misitu yao. Haki itendeke kwa Brandis: katika mabishano ya kuitunga alitaka vijiji viwe na misitu yake inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mwenzake Baden-Powell, aliyetaka karibu yote iwe ya serikali, ndiye aliyeshinda. Tanzania ilifika kwenye wazo hilo la misitu ya hifadhi ya vijiji kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zaidi ya miaka 120 baadaye.

Elimu yake haikukaa India. Vijana wawili wa Kijerumani aliowaleta kumsaidia, Wilhelm Schlich na Berthold Ribbentrop, kila mmoja kwa wakati wake alishika cheo chake. Schlich baadaye alianzisha mafunzo ya misitu Uingereza mwaka 1885, yakahamia Oxford mwaka 1905, na Oxford ndiko waliposomea mabwana miti wengi wa Kiingereza waliokuja Tanganyika. Kijana wa Kimarekani, Gifford Pinchot, alimfuata Brandis kuomba ushauri, akasomeshwa kwa maelekezo yake, na mwaka 1905 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya misitu ya Marekani.

Mitiki yenyewe ilikuwa imekwisha kutangulia huku. Mwaka 1898 Wajerumani waliipanda Dar es Salaam na Mhoro, Rufiji, kwa mbegu kutoka Calcutta. Mwaka 1902 walianzisha kituo chao cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, si mbali na Korogwe. Mashamba makubwa ya serikali ya Longuza na Mtibwa yalikuja baadaye, wakati wa Waingereza na baada ya Uhuru.

Na hesabu nazo zilifuata. Mwaka 1940 yalitolewa majedwali ya mavuno ya mitiki ya kupandwa ya India na Burma, yaliyotengenezwa na Laurie na Bakshi Sant Ram. Mwaka 1983 kitengo cha misitu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro, kabla hakijawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilitoa kitabu cha M. S. Philip kuhusu kupima miti na misitu. Mwaka 1990 watafiti Malende na Temu walichapisha michoro ya ukuaji wa mitiki ya Mtibwa.

Michoro kama hiyo inafanya nini? Mtaalamu hutenga viwanja vidogo ndani ya shamba, hupima miti ile ile mwaka hadi mwaka, kisha hutafuta uhusiano wa umri, urefu na unene. Kipimo kinachoaminiwa zaidi kuonyesha ubora wa ardhi ni urefu wa miti mirefu kuliko yote katika umri fulani, kwa mfano miaka 20, kwa sababu urefu hausumbuliwi sana na nafasi ya upandaji. Unene ndio unaobanwa na msongamano. Ukijua ardhi yako iko kundi gani, unaweza kukadiria shamba litakuwaje miaka ijayo.

Hapa mkulima wa Handeni awe macho. Longuza hupata mvua inayokaribia milimita 1,500 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Handeni hupata chini ya 1,000, na kiangazi chake ni kirefu. Mtiki hupenda kiangazi cha miezi michache na udongo usiotuamisha maji, lakini bila mvua ya kutosha hudumaa. Mtu akikuletea karatasi inayosema mitiki huvunwa kwa miaka kadhaa na kutoa meta za ujazo kadhaa kwa ekari, muulize imepimwa wapi. Hata Brandis hakutumia miaka yake 24 popote alipokwenda. Ilikuwa ya Pegu, ya msitu wa asili, ambapo mti uliongeza kipenyo chini ya sentimeta moja kwa mwaka. Shamba changa kwenye ardhi nzuri laweza kuongeza zaidi ya sentimeta mbili katika miaka ya mwanzo, kisha kasi hushuka. Anayechukua kasi ya miaka mitano ya kwanza na kuizidisha hadi miaka 25 anajidanganya, au anamdanganya mwenzake.

Waholanzi waliyaona hayo. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wananchi wa kawaida huko waliuziwa hisa za mitiki iliyokuwa ikipandwa Costa Rica, kwa makadirio ya mavuno ambayo wataalamu waliyapinga wakisema yamezidi mno kumbukumbu zote za mti huo. Ubishi ulikuwa mkubwa magazetini na mbele ya vyombo vya malalamiko. Na hao ni watu wenye benki na mawakili.

Kupima hakuhitaji tembo. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Zungusha kwenye shina meta 1.3 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.14, umepata kipenyo. Mtiki wa kipenyo cha sentimeta 20 na urefu wa meta 15 una mbao za kukadiria meta 0.2 za ujazo, ukizingatia kwamba shina hupungua unene kuelekea juu. Uache ufike sentimeta 30 na meta 18, una zaidi kidogo ya meta 0.57. Unene umeongezeka nusu, ujazo umekaribia mara tatu, na kiini cha rangi ya dhahabu, ambacho ndicho kinachonunuliwa, kimekuwa sehemu kubwa zaidi ya gogo. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya meta 3 kwa 3 lina miti 450 hivi kwa ekari. Isipopunguzwa kwa wakati, yote itabaki membamba, na hakuna jedwali litakaloisaidia. Wanaotaka kusaidiwa kupima wanaweza kuanzia kwa bwana miti wa wilaya, au kituo cha utafiti wa misitu kilichoko Lushoto.

Brandis alirudi Bonn baada ya kustaafu mwaka 1883. Serikali ya Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Sir. Kwa miaka mingi vijana wa Kiingereza waliokuwa wakijiandaa kwenda kufanya kazi za misitu India waliletwa kwake, akazunguka nao katika misitu ya Ujerumani akiwafundisha kupima na kuandika walichokiona. Mtu wa umri wake angeweza kupumzika, lakini alikuwa akiandika kitabu kingine kuhusu miti ya India, kilichochukua miaka na kumrudisha Uingereza kukagua mimea iliyokaushwa iliyohifadhiwa huko.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1906. Mei 28, 1907 Dietrich Brandis alifariki dunia mjini Bonn alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 83. Mitiki ya kwanza ya Mhoro ilikuwa na miaka tisa.